Maziwa haya, ni safi kweli?

Wewe unayenunulia watoto maziwa kila asubuhi, nisikilize kidogo, maana mimi pasta nilikosa katika jambo hili.

Hapa Bukavu mama moja alikuwa akiniletea maziwa ndani ya bidoni ya njano, kutoka upande wa Walungu. Siku moja nikaweka tone juu ya ukucha. Likateleza. Watu husema tone likiteleza, maziwa yametiwa maji. Basi nikamwambia mbele ya majirani: "Mama, weye unauza maji!" Alinyamaza, akabeba bidoni yake, akaenda.

Saa ile ile nilipeleka maziwa kwa munganga wa ng'ombe. Yeye iko na kipimo cha kioo kinachoelea, laktodensimetre. Maziwa mazuri yanaonyesha 1,028 mpaka 1,032 hivi. Yangu: 1,030! Akachanganya sehemu 9 za maziwa na sehemu 1 ya maji, kikashuka 1,027. Nikajaribu ukucha tena: matone yote mawili yaliteleza sawasawa.

Lakini kipimo nacho kinadanganywa. Mjanja anaondoa mafuta ya juu, kinapanda. Halafu anatia maji, kinarudi palepale. Tena hakioni vijidudu. Maji machafu yanaleta kipindupindu. Na maziwa yasiyoguswa na mwizi yeyote yanaweza kuwa na kifua kikuu ao brusela toka kwa ng'ombe mwenyewe. Chemsha, hata kama muuzaji ni wa kanisa lako.

Ninyi mlio machimboni, mnaonunua maziwa ya unga kwa kijiko: koroga kidogo na maji, chemsha, acha yapoe, tia matone ya iyode, ile dawa ya vidonda. Yakigeuka bluu, mna unga wa mihogo ao wa mahindi ndani. Hayo ya kupima mwaga. Yasipogeuka, usishangilie bado. Kule China, mwaka 2008, walitia melamini ili maziwa yenye maji yaonekane na protini nyingi. Watoto 6 walikufa, karibu 300 000 wakaugua. Ulimi wa nani ungejua?

Yule mama nilimtafuta siku tatu, nikamkuta Kadutu sokoni. Akaja, nikaungama mbele ya majirani wale wale. Akasema: "Papa Pasta, asante. Lakini wateja wawili wa njia hii hawanifungulii tena." Nikavaa viatu, tukaenda naye kwenye milango ile miwili.