Wasanii wapya, wengine wenye mvi

Wageni wengi wanaokwenda Diani kwa likizo hurudi makwao na wimbo mmoja kichwani, nao ni Jambo Bwana wa Them Mushrooms. Wimbo huo ulitoka mwaka wa 1982, na mwaka uliofuata kundi la Boney M likauimba upya kule Ulaya. Siulaumu hata kidogo. Teddy Kalanda Harrison aliyeutunga alikuwa akiwapigia watalii muziki katika mahoteli ya pwani pamoja na ndugu zake, akajua barabara mgeni anataka kutamka nini siku yake ya kwanza ufuoni. Lakini imepita miaka zaidi ya arobaini, na katika hoteli nyingi mambo ni yale yale: Jambo Bwana, halafu Malaika, halafu wachezaji wa ngoma huitwa wacheze robo saa wakati wageni wakisubiri supu. Robo saa ikiisha, wachezaji hutokea mlango wa jikoni, na fedha wanazopewa, zikishagawanywa kwa watu kumi na wawili, hubaki nauli ya kurudi nyumbani na unga wa sima.

Nayajua hayo kwa sababu mama yangu ni wa Msambweni, na mjomba wangu mmoja alipiga ngoma mahotelini miaka mingi kabla ya mgongo kumkataza. Basi Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, nilisikia kwamba kuna tamasha la muziki la siku mbili huko Ukunda. Nikafunga safari na binti yangu wa miaka kumi na minne, pamoja na mtoto wa kaka yangu ambaye yuko chuo kikuu. Kijana alikuja kwa ajili ya nyota mmoja wa kizazi kipya ambaye jina lake lilijaza nusu ya bango. Binti alikuja kwa ajili ya bahari. Mimi nilivutwa na majina ya chini kabisa ya bango lile, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo za kutafutiwa miwani.

Wenye majina madogo hupangiwa saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali. Tulipofika, uwanja ulikuwa na watu wasiozidi hamsini, na kati yao wengi walikuwa wauzaji. Si haba, kwani hatukupanga foleni ya viazi karai wala madafu. Nyuma ya jukwaa wazee wawili walikuwa wamewasha moto wa makuti, wakizungusha ngoma zao juu ya ndimi za moto ili ngozi zikazike. Kijana wa mitambo, fulana yake nyeusi imelowa jasho, aliwatazama kama mtu anayeona gari likisukumwa.

Lazima niseme kwamba binti yangu alikuwa na kiburi kidogo. Sengenya ya Wadigo anaijua. Ameicheza shuleni kwao Nairobi katika mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, yale yaliyoanza 1927 na ambayo huwafundisha watoto ngoma za watu ambao pengine hawajawahi kuwaona. Ni mpango mzuri, nami siupingi. Ila ngoma ya mashindano ina muda wake. Mwalimu huikata hapa na pale, akabakiza yale yanayopendeza macho ya mwamuzi, na watoto hutoka mbio kana kwamba nyumba inaungua.

Kikundi kilichopanda kilitoka upande wa Msambweni. Palikuwa na ngoma kubwa na ndogo, upatu uliogongwa kwa vijiti viwili, kayamba, na mzee wa zumari aliyevaa kikoi na kofia ya mkono. Kabla hata hawajaanza palizuka shauri. Kijana wa mitambo alimtaka mzee asimame tuli mbele ya kipaza sauti. Mzee akasema zumari haisimami, hutembea na wachezaji. Wakavutana kwa adabu, "mzee wangu" huku, "mwanangu" kule, hadi mzee akashuka zake jukwaani, akaanza kupuliza akiwa chini kwenye mchanga. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja na ngoma zao. Jukwaa likabaki tupu, na sisi tukainuka vitini kuwazunguka.

Msomaji, kama hujawahi kusimama karibu na zumari, jua kwamba haina kituo. Mpigaji hujaza mashavu upepo, na wakati mashavu yanausukuma nje, yeye anavuta pumzi nyingine kwa pua. Sauti haikatiki. Dakika zinapita na wewe msikilizaji ndiye unayeishiwa pumzi. Binti yangu alinivuta mkono akaniuliza iwapo kuna mtambo uliofichwa mahali. Shuleni kwao zumari haikuwapo. Sehemu yake iliimbwa kwa mdomo.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya polepole mno. Kijana wetu alikwisha kutoa simu mfukoni. Hapo ndipo upatu ulipobadilisha mwendo, na kiongozi, mama wa makamo mwenye leso mbili, akaanza kutunga papo hapo. Aliwatania wapangaji wa tamasha kwa kuwaanika juani. Akaimba kuhusu kuta ndefu zilizojengwa ufuoni na vijia vya wavuvi vilivyozibwa, na wenyeji wakaitikia kwa kishindo, maana kisa hicho kila nyumba ya Diani inakijua. Niliyemkuta pembeni yangu, mwanamke wa Ukunda aliyekuja kuuza mabuyu, alinitafsiria Kidigo huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Maneno kama hayo huwezi kuyasikia wakati wa supu. Ngoma ile ilikwenda zaidi ya saa nzima.

Baada yao alipanda msichana mwembamba ambaye sidhani kama amefika miaka ishirini, na wenzake watatu: gitaa, gitaa la besi na kayamba. Aliimba kwa Kidigo, taratibu, kama mtu anayezungumza na mama yake jikoni, na mara moja moja gitaa lilidonoa mapigo yale yale ya sengenya tuliyotoka kuyasikia. Kuvusha ngoma za nyumbani kuzipeleka kwenye gitaa si jambo geni pwani yetu. Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, wakaifanya dansi ya disko. Mzee Ngala wa Frere Town, na saksafoni yake, aliijenga bango kwa namna hiyo hiyo. Lakini hao walipata bendi kamili na kampuni za kurekodi. Msichana huyu, nilipomwuliza ninunue wapi nyimbo zake, alisema bado. Ana moja tu, iliyorekodiwa kwa simu, na humtumia anayeitaka.

Nimepata kuona jinsi jambo hili linavyoweza kupangwa vizuri. Kule Unguja, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika kila Februari tangu 2004, na makao yake makuu kwa miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe. Sharti lao ni kwamba msanii apige na kuimba mwenyewe, si kufungulia mkanda. Kwa sharti hilo, vikundi vya vijijini vimesimama jukwaa moja na majina makubwa. Marehemu Bi Kidude aliimba kwenye tamasha hilo akiwa bibi kikongwe, na tuzo ya kimataifa ya WOMEX aliipata 2005, baada ya maisha mazima ya taarabu na unyago. Magazeti ya Ulaya yalimshangilia kama aliyezuka jana. Nalo tamasha kama hilo si la kuaminiwa kwamba litakuwapo daima: mwaka wa 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017.

Usiku, kiasi cha saa tano, nyota wa kijana wetu aliwasili kwa msafara wa magari matatu. Uwanja ulikuwa umefurika. Alimpa mtu wa mitambo kidude cha nyimbo, akachukua kipaza sauti, na sauti yake ya studio ikatutangulia. Pale alipoinua kipaza sauti juu ili umati uitikie, sauti yake mwenyewe iliendelea kuimba bila yeye. Vijana hawakujali, walirukaruka vizuri tu, na ni haki yao, kiingilio wamelipa. Alikaa dakika ishirini na tano. Mpwa wangu aliyazungumza hayo kidogo sana njiani kurudi, ila nilimsikia usiku akimtafuta yule msichana wa gitaa kwenye simu.

Asubuhi tulimkuta mzee wa zumari kwenye kibanda cha chai, akila mahamri. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia na kumsogezea kiti. Akamwonyesha kile kipande cha jani kavu kinachofungwa mdomoni mwa zumari, ambacho hukitengeneza mwenyewe na ambacho asipokilowesha hakitoi sauti. Nilimwuliza kuhusu wanafunzi. Anao wajukuu wawili. Mmoja ana pumzi lakini hana muda, kwa sababu anaendesha bodaboda. Mwingine muda anao, ila mashavu yake hayajazoea. Nikamwuliza kama jana walilipwa. Akasema wameahidiwa, na kwamba walau jana walicheza mpaka wakachoka, jambo ambalo hotelini hawalipati.

Kwa hiyo, ukienda kusini mwa Mombasa likizo ya Agosti na ukaona bango la tamasha, anza kulisoma kutoka chini. Nenda saa tisa, hata kama watoto watanung'unika. Chukua kofia, maji na mkeka. Ukipendezwa, usipige makofi tu. Fanya kama wafanyavyo wenyeji wa pwani katika taarabu: inuka, nenda mbele, mtuze msanii mkononi mwake, hata kama ni noti ya shilingi hamsini. Mwulize jina lake na kijiji chake, uandike. Sisi tuliandika matano, na yule msichana alitutumia wimbo wake kabla hatujafika kivuko cha Likoni. Ukiusikiliza kwa makini, upepo wa kusi unasikika ndani yake, na mahali fulani jogoo anawika.