Nani Azungumze Bwaloni

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mkuu wa chuo ameniita leo baada ya kipindi cha pili. Siku ya Mazingira Duniani inaangukia Jumatano, 5 Juni, na anataka tufanye kongamano la nusu siku juu ya mabadiliko ya tabianchi. Kazi ya kutafuta wazungumzaji nimepewa mimi.

Jioni nikakaa na viongozi wa serikali ya wanafunzi, nikawauliza wangependa kumsikia nani. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akajibu: "Mwalimu, yeyote yule, ila asitusomee slaidi." Nimeliandika sharti hilo juu kabisa ya ukurasa. Wanachuo hawa ni watoto wa wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, na wengine wamelelewa na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mtu akija kuwaeleza tu kwamba mvua zimebadilika, atakuwa anawaeleza habari za nyumbani kwao. Anayetakiwa ni mtu wa kuunganisha waliyoyaona shambani na yanayotokea duniani, kisha avumilie kuulizwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Wenzangu wa ofisini wameniletea majina makubwa, na majina hayo ni ya haki. Dkt. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania alichaguliwa Julai mwaka jana, kwenye mkutano wa Nairobi, kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi wa dunia nzima. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa makamu wenyeviti wa kundi kazi la pili la jopo hilo katika mzunguko wake wa sita. Wanafunzi wenyewe wamemtaja Vanessa Nakate wa Uganda, aliyeanza kusimama na bango mitaani Kampala mwaka 2019. Ningefurahi kumpokea yeyote kati yao stendi ya Sumbawanga. Lakini mwanzoni mwa Juni watu wa ngazi hiyo huwa Bonn, Ujerumani, kwenye vikao vya mkataba wa tabianchi, na fedha tulizo nazo zinatosha nauli za ndani ya mkoa.

Usiku nimesoma makala ya mwaka 2010 waliyoiandika Chang'a, Yanda na Ngana. Walikwenda Rungwe na Kilolo kuwauliza wakulima wanatabirije mvua. Wazee wakawaambia kwamba mihemi na mikwe ikichanua mapema na kwa wingi, kati ya Julai na Novemba, msimu utakuwa mzuri. Watafiti wakayaandika hayo kwa heshima, kama maarifa yanayostahili kuwekwa sambamba na vipimo.

Makala hiyo imeniamulia jambo. Kama wanasayansi wa kiwango hicho walitoka Dar es Salaam kwenda kuwasikiliza wakulima wa nyanda za juu, mimi niliye hapa hapa juu ya uwanda wa Ufipa sina sababu ya kuanzia mbali. Nitatafuta watu wawili au watatu walioishi na mabadiliko haya kwa mikono yao, niwaketishe meza moja na mtu mwenye vipimo.

Jumapili, 28 Aprili

Redio imekuwa ikitangaza mafuriko ya Rufiji mwezi mzima. Zambia nako, tangu tarehe 29 Februari, Rais Hichilema ametangaza ukame kuwa janga la taifa. Mbala haiko mbali na sisi, unapita tu mpaka wa Kasesya. Wanafunzi wawili wa Kalambo wamenifuata baada ya ibada: "Mwalimu, wanasema yote ni El Niño. Inawezekanaje ilete mafuriko Rufiji, halafu ikaushe mahindi ya Zambia?"

Hilo nimeliweka liwe swali la kumpima mzungumzaji wa sayansi. Jibu lipo na linaelezeka kwa Kiswahili. El Niño ni joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, nalo hugeuza mpangilio wa upepo na mawingu hadi huku. Kaskazini na mashariki mwa Tanzania mara nyingi huongezewa mvua, kusini mwa Afrika hunyimwa, na mkoa wetu wa Rukwa umekaa karibu na pale pande hizo mbili zinapoachana. Mwaka jana Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na joto zaidi upande wetu, mvua zikazidi. Mzungumzaji mkweli atasema pia kwamba El Niño ilikuwepo kabla ya viwanda. Kilichobadilika ni dunia inayoipokea, maana imeshapata joto, na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Akichanganya mambo hayo mawili kuwa moja, wanafunzi watamgundua, na watakuwa na haki ya kumtilia shaka katika mengine.

Jumamosi, 4 Mei

Kasanga. Tumeshuka kutoka Matai, baridi ya juu ikabaki nyuma, tukapokewa na joto la ziwa. Mvuvi mmoja alinielekeza kwa mama anayeanika dagaa, akasema huyo ndiye anayejua kuzungumza.

Nilimwamkia, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza dagaa huku tunaongea. Alinionyesha nyumba zilizoachwa maji yalipopanda miaka hii ya karibuni, na mahali alipokuwa na kichanja chake cha kwanza, ambapo sasa watoto wanaogelea. Nilimuuliza kwa nini samaki wamepungua. Nilidhani atasema ni jua, au ni Mungu. Akasema: "Mwanangu, sababu ni nyingi. Nyavu za macho madogo ni zetu wenyewe. Watu tumeongezeka. Lakini na upepo wa kusini siku hizi hauji kama tulivyouzoea."

Hapo nikamkumbuka Catherine O'Reilly na wenzake, walioandika mwaka 2003 katika jarida la Nature. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na rutuba yake imelala chini, kwenye maji ya baridi. Upepo wa kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kwetu kusini maji ya chini hupata nafasi ya kupanda na ile rutuba. Mwani hukua, dagaa hula. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hugoma kuchanganyika na ya chini, na upepo ukipungua nguvu hali huwa mbaya zaidi. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, kiasi cha kuweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mama huyu hajawahi kuliona jarida hilo. Ameutaja upepo kwa sababu ndio uliomlisha.

Nimempa mwaliko hapo hapo. Kuanzia tarehe 15 Mei ziwa linafungwa kwa miezi mitatu, uamuzi wa nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. "Basi mmenipata wakati sina kazi," akasema. Kisha akauliza atalala wapi, na kama chakula cha njiani ni juu yake. Nimemhakikishia yote mawili, na nimeyaandika hapa yasipotee.

Jumamosi, 11 Mei

Mzee wa upande wa milima ya Mbizi amekubali kunipeleka kwenye ntumba zake. Nilizijua tangu utotoni kwa kuziona barabarani, lakini leo ndipo nimeelezwa vizuri. Mvua zikielekea mwisho, udongo ukiwa bado laini, nyasi hukatwa pamoja na tabaka la juu la udongo, zikageuzwa na kufukiwa, kikatokea kilima cha mviringo. Nyasi huoza humo ndani kiangazi kizima. Msimu ukirudi kilima husambazwa, na ulezi hupandwa juu ya mbolea isiyonunuliwa.

Akaipasua moja kwa jembe. Juu pamekauka, ndani pana unyevu na harufu ya majani yanayooza. "Shika," akaniambia. Nikashika. "Sasa kashike pale kwa jirani, anakochoma nyasi kila mwaka." Kule udongo ulikuwa vumbi.

Hakutumia neno tabianchi hata mara moja. Alizungumza juu ya mvua zinazochelewa, zikija zikamwagika kwa siku chache kisha zikakata, na kwamba kwenye ntumba mbegu huvumilia pengo hilo siku kadhaa zaidi. Nilipomwalika alikataa kwanza, akasema mambo ya chuoni ni ya wasomi. Nikamwambia wasomi hao wengi ni wajukuu wa watu waliolima ntumba, na hawajui kuzitengeneza. Akanyamaza kidogo. "Nitakuja, ila nitakuja na udongo. Mdomo peke yake hautoshi."

Jumatatu, 20 Mei

Kikao cha maandalizi kimekuwa kirefu. Ratiba ya kwanza ilikuwa na risala, salamu za wadau, hotuba ya mgeni rasmi, neno la shukrani na burudani, na wazungumzaji wangu wamebanwa dakika kumi kumi kabla ya chakula. Nimepinga waziwazi. Itifaki ni heshima na sina ugomvi nayo, lakini mzee wa Mbizi hawezi kufunga safari alfajiri ili aje kusikiliza utambulisho. Tumekubaliana: mgeni rasmi atafungua kwa maneno machache na atakaa hadi mwisho, kila mzungumzaji atapata dakika ishirini, na saa nzima ni ya maswali.

Posho ndiyo iliyozua mjadala mkali. Mtu alipendekeza ofisa apewe yake kwa kiwango cha ofisa, na wale wengine wapewe nauli na asante. Nimesema, na nitasema tena nikiulizwa, kwamba anayetoa ujuzi wake mbele ya wanafunzi wetu ni mwalimu wao siku hiyo, na walimu wa siku moja hulipwa sawa. Limepita.

Jumapili, 2 Juni

Nimekutana na ofisa wa kituo cha hali ya hewa cha hapa Sumbawanga. Lile swali la Rufiji na Zambia amelijibu kwa utulivu, kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Nimemwomba afanye hivyo hivyo bwaloni, kwenye ubao, na aje na kipimamvua badala ya projekta.

Jumatano, 5 Juni

Baridi kali, bwalo limejaa masweta.

Ofisa alianza. Alikipitisha kipimamvua mikononi mwa wanafunzi, akaeleza kinasomwa saa tatu asubuhi, kila siku, hata sikukuu. Kisha akaeleza kwa nini mwaka mmoja wa mvua nyingi hauthibitishi lolote peke yake, na kwa nini miaka thelathini ya daftari huthibitisha.

Mama wa Kasanga alikikataa kipaza sauti. Sauti yake ilifika hadi jikoni. Alianza na nyumba, akaja kwenye upepo, akamalizia na nyavu, na alipofika kwenye nyavu hakujitoa kwenye lawama. Nadhani hapo ndipo alipowashika. Mzungumzaji anayewalaumu wengine tu, vijana humsikiliza kwa adabu. Yeye walimsikiliza kwa hamu.

Mzee alimwaga udongo wake juu ya meza mbili, wa ntumba na wa shamba lililochomwa, akaomba maji. Wa ntumba uliyanywa. Kwenye ule mwingine maji yalitiririka hadi sakafuni na viatu vya waliokaa mbele vikalowa. Bwalo zima lilisimama kutazama.

Maswali yalizidi ile saa. Kijana mmoja aliuliza kama ziwa linalopanda na mvua inayokata ni ugonjwa mmoja, na ofisa na mama walisaidiana kumjibu: ofisa kwa hewa ya joto inayobeba unyevu mwingi na kuumwaga kwa mkupuo, mama kwa Mto Lukuga kule Kongo, mlango pekee wa ziwa, ambao hauwezi kuyatoa maji yote yanayoingia. Halafu akasimama binti wa mwaka wa kwanza. "Tunaambiwa tutunze misitu. Mbona chakula tutakachokula leo kimepikwa kwa kuni? Na nyumbani mama yangu anapika kwa mkaa, gesi hana uwezo nayo. Aache kula?"

Mgeni rasmi alitaja mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa tarehe 8 Mei, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Binti akauliza tena, kwa upole: "Na hapa chuoni ni lini?" Mkuu wa chuo akasimama mwenyewe, akaahidi kujibu kwa maandishi kabla ya likizo. Niliandika ahadi hiyo hapo hapo, pamoja na saa.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amepiga simu, amefika salama. Mzee ameombwa na wanafunzi kumi na tano arudi Machi, udongo ukiwa laini, awafundishe kujenga ntumba kwenye eneo la nyuma ya mabweni. Amekubali kwa sharti kwamba waje na majembe yao.

Yule binti na wenzake wameanza kupima kuni zinazoingia jikoni kila asubuhi kwa mizani ya stoo. Wanataka, jibu la mkuu wa chuo likija, wao wawe na hesabu mkononi.

Nimeandika barua mbili. Moja ni ya kituo cha hali ya hewa, kuomba kipimamvua cha kuwekwa chuoni na mtu wa kutufundisha kukisoma. Nyingine inakwenda wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako vijiji vinane vinavyotunza msitu wa Ntakata vinalipwa fedha za hewa ukaa. Nimewaomba watutumie mtu wa kamati ya kijiji, si msemaji wa mradi, aje atueleze fedha hizo hugawanywaje na nani hukosa. Nimetaja nauli, malazi, posho, na saa nzima ya maswali.