Nani Ataniitikia?

Santuri ya kwanza niliyopata kuwa nayo haikuwa ya Mgogo wala ya Mtanzania. Ilikuwa ya Jerry Lee Lewis, mwimbaji wa roki wa Marekani, nayo ilinaswa mbele ya watazamaji katika ukumbi wa Star-Club, mjini Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Aprili 1964. Niliinunua Dar es Salaam katika miaka ya 1970, nikiwa mwanafunzi, ikiwa imekwisha tumika. Wakati wa likizo nilikwenda nayo nyumbani Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, nikaipiga kwenye gramafoni ya mjomba.

Bibi yangu, aliyekuwa mwimbishaji wa ngoma ya muheme, aliisikiliza hadi mwisho. Kiingereza hakukijua hata neno moja. Aliposikia umati ukiliita jina la mwimbaji, naye akizidi kuitwanga piano yake, bibi alisema, "Huyu hayuko peke yake. Watu wanamwitikia."

Mimi nilidhani kelele zile zinaiharibu santuri.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu, nilirudi Ihumwa na kinasa sauti ili nizihifadhi nyimbo za bibi. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wapigaji huibana mapajani ngoma ndefu yenye kiuno chembamba. Mmoja huanzisha wimbo, na wenziwe huupokea. Lakini mimi nilimketisha bibi chumbani, nikafunga mlango na dirisha, nikawafukuza watoto, na hata kuku. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani ataniitikia?" Nikamjibu kwamba sauti yake pekee yatosha. Aliimba ili kuniridhisha. Kila alipofika penye kiitikio alinyamaza, akangoja, kisha akaendelea.

Alifariki dunia kabla ya mavuno yaliyofuata. Ukanda ule ninao hata leo. Maneno ya mwimbishaji yamo yote, bali penye kiitikio pana ukimya mtupu, na wengi wa wale waliojua kuujaza nao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo nilipoielewa santuri ya Hamburg. Nyota ya Lewis ilikuwa imefifia tangu mwaka 1958, lakini usiku ule watu walimwita, naye akawajibu kwa nguvu zake zote. Ukumbi ule ulifungwa mwaka 1969, na Lewis mwenyewe alifariki mwaka 2022. Walakini ukiipiga santuri, mwitano wao ungali hai.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitukumbusha kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Roho hiyo haikai kwa mtu mmoja aliyefungiwa chumbani.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, ambao wengi wenu leo mna kinasa sauti ndani ya simu zenu: msiwafungie wazee wetu ndani. Ngojeni mtama uingie ghalani, ngoma itoke uwanjani, ndipo mnase. Waacheni watoto wapige kelele na wanawake wapige vigelegele. Na mwimbishaji atakapoanzisha wimbo, mwitikieni nanyi, ili sauti zenu nazo zibaki.