Kadi za Tazama

Nilipoajiriwa kuwa karani wa maktaba katika chuo kimoja mjini Kisii, mwaka 1984, hapakuwa na chombo nilichokihusudu kuliko kabati la katalogi, lililosimama karibu na mlango na droo zake nyembamba, kila droo ikiwa na kijiti cha chuma kilichopenya matundu ya kadi zote ili mkono wa mtu asiye mwaminifu usiweze kuchopoa hata moja. Kila alfajiri niliondoka nyumbani Masimba, ukungu ukiwa bado umeyalalia mashamba ya chai, nikafika kazini na baridi ya nyanda za juu za Masaba mwilini, na kabla ya kuketi nilivuta droo moja na kuitazama, sawa na mfugaji anayehesabu ng'ombe zake kabla ya kuwafungulia.

Mkutubi aliyenifundisha kazi alinikalisha mbele ya tapureta akanifunza adabu ya kadi: jina la mwandishi mahali pake, anwani ya kitabu mahali pake, na pembeni nambari ya rafu, kwa kanuni aliyoitunga Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambayo kwayo mboga za bustani, ziwe za Ulaya au za kwetu Gusii, huwekwa katika 635. Baada ya hayo akanifunza jambo ambalo nililipenda kuliko yote, nalo ni kadi ya Tazama. Kadi hii haina kitabu chake. Kazi yake ni kumpokea msomaji aliyekuja na neno la kwao, na kumwelekeza kwenye neno lililotumiwa na vitabu. Watu wetu walikuja wakiuliza habari za mboga ya chinsaga, nao wenye vitabu wameandika Cleome gynandra. Waliuliza rinagu, na kitabu kikasema Solanum nigrum. Basi nilichapa juu ya kadi neno Chinsaga, chini yake nikachapa Tazama, kisha lile jina la Kilatini. Kwa muda wa miaka mingi, kila msomaji aliponitajia neno ambalo droo hazikulijua, nililitengenezea kadi, hata zikawa mamia, wala hapana aliyeniagiza. Kutokana na weusi wa ncha za kadi, zilizochafuliwa na vidole vya watu, niliweza kujua bila kuuliza ni jambo gani nchi yangu ilikuwa ikilitafuta.

Kompyuta ya kwanza haikunitisha. Ilikuja na programu ya CDS/ISIS, ambayo UNESCO iliwagawia wakutubi bila malipo, nami niliiona kuwa ni tapureta yenye kioo. Lililonitisha lilikuja baadaye. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na haukupita muda mrefu tukaambiwa kwamba katalogi yetu itahamia mtandaoni, isomwe na mtu aliyeketi popote, kwa programu iitwayo Koha, iliyotungwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua na kuanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori, maana yake hidaya, na hidaya ile kwa desturi ya Wamaori humtazamia mpokeaji naye atoe. Jambo hilo la pili sikulizingatia wakati ule.

Yalipofunguliwa mafunzo nilitoa udhuru wa macho, kisha udhuru wa presha, kisha nikaacha kutoa udhuru. Siwezi kusema kwamba niliichukia mitambo; usiku, peke yangu, nilitamani sana kujua ukurasa wa tovuti hutengenezwaje. Lakini mwalimu wa mafunzo alikuwa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfunza kugonga muhuri wa tarehe pasipo kuchafua karatasi, na nafsi yangu ilikataa katakata kukaa kitako mbele yake na kuulizwa kama nimeelewa. Hofu ya kuonekana mjinga niliivika joho la heshima ya uzee, nikapita nalo mbele za watu.

Kazi ya kuhamisha kadi ikafanywa bila mimi. Vijana waliketi siku nyingi wakinakili, na kanuni yao ilikuwa nyepesi: kadi yenye nambari ya kitabu iingizwe, kadi isiyo na nambari iwekwe kando. Kadi zangu za Tazama, kwa kuwa hazikuwa na kitabu, zote zikawekwa kando. Mwishowe zikafungwa kwa kamba, zikagawanywa ziwe karatasi za kuandikia mambo madogo madogo, na mimi, niliyezichapa, nikachukua furushi moja nikaenda nalo nyumbani, nikawa naandika nyuma yake hesabu ya sukari na chumvi.

Siku moja msichana mwanafunzi aliandika neno chinsaga katika mashine, na mashine ikamjibu kwamba hapana kitu. Akanijia akasema, "Babu, kumbe maktaba hii yote haina habari za chinsaga?" Nikainuka, nikampeleka kwa miguu yangu mpaka rafu ya 635, nikamtolea vitabu vitatu. Hapo kwanza nilijawa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyeona mshindani wake akijikwaa. Lakini aliponishukuru na kwenda zake, nilijiuliza ni wangapi walioandika neno hilo siku ambazo sikuwapo, au usiku, au wakiwa mbali, wakaondoka wakiamini kwamba wenye vitabu hawakuijua mboga ya mama zao.

Kesho yake nilimwendea yule kijana nikamwomba anifundishe. Aliniletea kiti. Kutoka kwake nilijua kwamba chini ya kurasa zile zing'aazo mna mpangilio uitwao MARC, uliobuniwa katika miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge ya Marekani chini ya uongozi wa mwanamke hodari, Henriette Avram, na kwamba ndani ya mpangilio huo kila habari ina nyumba yake yenye nambari. Nikauliza, huku moyo ukinienda mbio, kama pana pahali pa neno ambalo halina kitabu. Akanionyesha sehemu 450 katika kumbukumbu za istilahi. Kazi yake ni kupokea neno la msomaji na kumpeleka kwenye neno la vitabu. Ilikuwamo katika programu yetu tangu siku ya kwanza.

Tuliandika pamoja chinsaga, kisha rinagu. Kijana akawasha kipengele kimoja katika mipangilio na kuiacha mashine ijenge faharasa yake upya. Tulipoandika tena chinsaga, vitabu vikajipanga mbele yetu. Kijana hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Mzee, mbona hukutuambia zile kadi zilikuwa za nini?" Nilitafuta jibu kati ya nyudhuru zangu zote, nisilipate.

Sasa nimestaafu, niko Masimba. Nisingependa kudai kwamba nimeupenda mtandao kwa moyo mkunjufu. Simu hunichosha macho kwelikweli, na zile ncha nyeusi za kadi bado nazikosa, kwa maana hesabu ya mashine huniambia ni mara ngapi watu waliuliza, lakini haina alama ya kidole cha mtu. Hata hivyo, jioni nyingine hulifungua lile furushi, nikasoma kadi moja moja, na neno ambalo halimo mtandaoni nikampelekea kijana kwa simu. Jana nilishika moja iliyoandikwa kwa mkono wangu: sukari kilo mbili, chumvi, kiberiti. Nikaigeuza.