Nyumba ya Gihundwe

Jumatano, 12 Februari 2025

Nyumba yetu ya Gihundwe, hapa Rusizi, Rwanda, imeingia sokoni rasmi. Komisioneri, yaani dalali wetu, amekuja na simu yake, amepiga picha vyumba vyote, jiko, tangi la maji, na baraza inayotazama ziwa. Bei tumeafikiana na Baba Watoto, mume wangu, kwa simu kutoka Kigali: faranga milioni 34, na chini ya 31 hatushuki.

Mama hawezi tena kukaa peke yake Nkanka, na mimi nimeshahamia kwake. Mkopo tuliojengea bado haujaisha. Kila mwezi benki inataka marejesho yake, awepo mtu ndani au asiwepo. Komisioneri nimemwagiza amweleze kila mnunuzi mapema kwamba hati ina majina mawili, la mume na la mke, na ina rehani. Siku hizi hati ni ya kielektroniki, na mwenye namba ya kiwanja anaweza kuikagua. Mnunuzi akigundua mwenyewe jambo ambalo hukumwambia, hata ukuta mzima ataushuku.

Jumatano, 19 Februari 2025

Bukavu, ng’ambo ya mpaka huko Kongo, imeshikwa na waasi wa M23 tangu Jumapili. Rafiki yangu amevuka daraja la Rusizi ya Kwanza na watoto wake wawili, mabegi matatu na mashine yake ya kushonea. Nimewapokea upande huu wa daraja. Hatukusema mengi. Tumepanda hadi Gihundwe nikamkabidhi ufunguo.

Mwanamke huyu si wa kulala kwenye mahema ya wakimbizi. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Corona, marobota yangu ya vitenge yalikuwa kwake Bukavu. Juni ile wilaya yetu ya Rusizi ilirudishwa kwenye karantini wakati wilaya nyingine zinafunguliwa, na mimi nilikuwa nimefungiwa ndani sina hata faranga ya kuzungushia. Aliuza mzigo wangu pamoja na wake, akaandika kila kipande kwenye daftari, na njia ilipofunguka akanihesabia fedha yote juu ya meza. Hakukata hata nauli.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, nimempeleka rafiki yangu kwa mutwarasibo, kiongozi wa nyumba zetu za jirani, akaandikishwa, yeye na watoto. Jirani wa chini ameleta ndizi na mkaa.

Njiani kurudi ameniambia, “Yaya,” yaani dada mkubwa, “mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niambie kodi ni ngapi.” Nimejibu kwamba mwezi huu ni wa ugeni, haulipiwi. Kuanzia Machi tutaanza kuhesabu. Nyumba kama ile mtaani inakwenda 150,000 kwa mwezi. Nimemtajia 90,000, na nimemwambia wazi kwamba nyumba inauzwa. “Ninajua,” akasema. “Nimeona namba ya simu ukutani.” Kwao Bukavu watu huandika ukutani kwamba kiwanja hakiuzwi, ili matapeli wasije kukiuza mwenyewe akiwa safarini. Huku tunaandika kwamba kinauzwa. Yeye sasa analala nyuma ya maandishi hayo.

Jumanne, 11 Machi 2025

Mnunuzi wa kwanza amekuja na mkewe. Nilipofika nilikuta rafiki yangu ameamka alfajiri, amepiga deki, amekunja magodoro na kuyasimamisha nyuma ya mlango, na watoto amewatuma kwa jirani. Nyumba ilikuwa kama haina watu.

Mkewe yule bwana alifungua makabati. Bwana akapita chumbani alimokuwa rafiki yangu amesimama, akaniuliza mimi: “Na huyu anatoka lini?” Nimemjibu kwamba huyu ni mpangaji wangu, anasikia, na ana jina. Wameondoka bila kutaja bei.

Nimemkataza kuficha magodoro tena. Anayelipa kodi ana haki ya kuishi humo hadi siku ya mwisho: sufuria zake ziwe jikoni, viatu vya wanawe viwe mlangoni. Tumekubaliana kwamba hakuna mnunuzi atakayeletwa bila yeye kuarifiwa siku moja kabla, na saa za jioni baada ya shule hazitumiki. Komisioneri amenung’unika kidogo, kisha amekubali.

Ijumaa, 28 Machi 2025

Kodi ya Machi haijafika. Ninajua kwa nini. Akiba yake iko benki ya Bukavu, na benki za kule zimefunga tangu Februari. Wanaotoa fedha kwa simu wanakatwa sehemu kubwa mno. Anashona, lakini wateja wa Kamembe bado hawamjui, na nguo za sikukuu ya Idi tayari zilikuwa zimeshagawanywa kwa mafundi wa zamani.

Baba Watoto amepiga usiku. Si mtu mgumu, ila yeye ndiye anayekatwa mshahara kulipa benki. Ameuliza: “Huyu ni mpangaji au ni mgeni wetu? Nikijua, nitapanga.” Swali lake ni la haki. Mgeni humdai na mpangaji hasemehewi kila mwezi, na rafiki akikaa katikati ya hayo mawili, kila mmoja anaanza kumwogopa mwenzake. Nimeona dalili leo sokoni: nilipopita karibu na mashine yake, aliinamisha kichwa kwenye kitambaa hadi nilipomsalimu.

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imemalizika jana. Hakuna aliyekuja kuona nyumba, na sisi hatukumtafuta mtu. Jioni nimekaa na Mama. Amesikiliza habari yote, kisha amesema kwamba zamani mtu hakukodisha nyumba kwa rafiki. Alimpa kona ya kulala naye akasaidia kulima. Nimemwambia siku hizi hata kona ina mkopo wa benki juu yake.

Jumatano, 23 Aprili 2025

Leo tumezungumza, mimi na rafiki yangu, barazani, bila haraka. Nilikuwa nimejiandaa kumpunguzia kodi hadi 60,000. Nilifikiri hilo ndilo analolihitaji, na nilishamwomba Baba Watoto anikubalie.

Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha: “Yaya, usinipunguzie. Nipe tarehe.”

Akaeleza. Kila simu ikilia anadhani ni komisioneri. Mtoto mkubwa ameuliza kama amalize muhula huu hapa au wajiandae kuhama. Mteja ameleta kitambaa cha sare za kwaya, kazi ya wiki kadhaa, naye ameogopa kuipokea kwa sababu hajui mashine itakuwa wapi. “Ukinipunguzia elfu thelathini, nitashukuru. Lakini sitalala. Ukiniambia nitatoka mwisho wa Agosti, hata ukinitoza 100,000, nitaipata, kwa sababu nitapokea kazi.”

Nimekaa na maneno hayo tangu jioni. Sisi wenye nyumba, tunapotaka kumtendea rafiki wema, mkono unakwenda kwenye bei kwanza, kwa kuwa bei ndiyo inayotuuma sisi. Yeye anayekaa humo anaumwa na kutojua. Mtu aliyekimbia mji wake katika wiki moja, jambo ambalo hajalipata kwa mtu yeyote tangu hapo ni tarehe. Serikali haiwezi kumpa, wala wapiganaji, wala redio. Mimi ninaweza.

Jumapili, 27 Aprili 2025

Tumeandika mkataba, nakala mbili, kwa Kiswahili. Rafiki yangu amesoma kila mstari kwa sauti na Baba Watoto akasikiliza kwa simu. Ninayanakili masharti yake hapa ili nisiyasahau:

Kodi ni 100,000 kwa mwezi, hulipwa kufikia tarehe 5, kwa simu, ili kila mmoja abaki na ushahidi. Kodi ya Machi na Aprili italipwa kidogokidogo, 20,000 kila mwezi juu ya kodi ya kawaida. Hakuna garanti, yaani amana. Bayeri, yaani mwenye nyumba, wa Bukavu angetaka miezi kadhaa mkononi kabla hajafungua mlango. Hapa garanti ilishalipwa mwaka 2020, na tumeliandika hilo kwa maneno hayohayo.

Atakaa hadi 31 Agosti 2025, nyumba iuzwe au isiuzwe. Ikiuzwa kabla, mauziano yataandikwa kwamba mnunuzi anamkuta humo, na kodi tangu siku ya uhamisho ni ya mnunuzi. Akitaka kurudi kwao mapema, atatoa taarifa ya wiki mbili na hatadaiwa zaidi. Kuangalia nyumba: taarifa siku moja kabla. Paa, bomba na tangi ni juu yetu. Umeme na maji ni juu yake. Tukishindwana, tutaanza kwa mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, kisha abunzi, wapatanishi.

Nimeongeza mstari kuhusu ushuru. Mapato ya kodi ya nyumba hutangazwa kwa RRA, mamlaka ya mapato, kufikia 31 Januari ya mwaka unaofuata: baada ya makato ya gharama, faranga 180,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, na zinazofuata hadi milioni 1 hutozwa asilimia 20. Hilo ni jukumu letu wenye nyumba. Kuwa mpangaji ni rafiki hakuifanyi fedha yake isiwe mapato.

Tumesaini wote. Ameniambia kesho anakwenda kuchukua kitambaa cha kwaya.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Mfanyabiashara anayevusha saruji ya Bugarama ametoa milioni 33, taslimu, kwa sharti moja: nyumba iwe tupu kufikia mwisho wa mwezi. Komisioneri amenipigia mara nyingi leo. Anasema mnunuzi wa namna hii hapatikani tena msimu huu, na kwamba mkataba wa marafiki ni karatasi tu, unaweza kuzungumzwa.

Nimempigia Baba Watoto nikiwa na hofu. Nilijua hesabu anayoifanya kichwani. Amenyamaza, kisha ameuliza tarehe iliyo kwenye mkataba. Nikamtajia. Akasema: “Basi mwambie Agosti. Kama hawezi, Mungu ampe nyingine.” Mfanyabiashara hawezi. Nimemshukuru kwa heshima na tumeachana vizuri.

Rafiki yangu sijamwambia. Angejitolea kuhama kesho, na mimi ningekuwa nimemrudishia mzigo niliomtua.

Jumanne, 10 Juni 2025

Amekuja mwalimu wa sekondari na mumewe, muuguzi. Wametembea taratibu. Mume amegonga kuta kwa kifundo cha kidole, akauliza kama nyumba ilikuwepo wakati wa tetemeko la 3 Februari 2008. Anakumbuka: Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani. Nimemwambia sisi tulijenga baadaye, na kwa sababu ya siku ile fundi alizungusha mkanda wa zege na nondo juu ya kuta zote. Nimemwonyesha ufa mdogo wa plasta jikoni kabla hajauona.

Kilichonishangaza ni kwamba wamezungumza na mpangaji zaidi kuliko nami. Wamemuuliza maji hukatika siku gani, mvua ya Aprili ilipita wapi, usiku kuna kelele gani. Amewajibu kweli: maji ni shida Jumanne, na mfereji wa nyuma unahitaji kuzibuliwa. Komisioneri amekunja uso. Lakini mwalimu ameandika yote, na mwishoni amesema wanataka. Milioni 32, na mpangaji abaki hadi Agosti. Wao wenyewe hawahami kabla ya mwaka mpya wa shule kuanza Septemba.

Kwa hiyo mtu aliyedhaniwa ni kizuizi cha kuuza ndiye aliyeiuza nyumba, kwa kuwa alikuwa na utulivu wa kusema ukweli.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Redio jioni nzima ni Washington: mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo wametia saini makubaliano ya amani. Sokoni watu wamegawanyika, wengine wanatabasamu, wengine wanasubiri waone. Nimemuuliza rafiki yangu kama anafikiria kurudi. Amesema anaomba Mungu iwe kweli, lakini kwaya mbili zaidi zimeleta vitambaa, na ana tarehe yake. Kodi ya Juni ililipwa tarehe 3.

Jumatano, 16 Julai 2025

Leo tumefika mbele ya noteri wa ardhi wa sekta: Baba Watoto aliyekuja na basi la usiku kupitia msitu wa Nyungwe, mimi, na wale wanunuzi wawili, kila mtu na kitambulisho chake. Benki ilishalipwa na rehani imefutwa. Noteri amemuuliza kila mmoja peke yake kama anakubali. Katika mauziano kuna kifungu cha mpangaji hadi 31 Agosti.

Baadaye nimewakutanisha wote barazani. Mwalimu na rafiki yangu wamebadilishana namba za simu. Rafiki yangu amepata chumba na kibaraza cha kushonea karibu na soko, kuanzia Septemba; ameshalipa mwezi wa kwanza. Deni la Machi na Aprili limebaki 120,000. Nilitaka kulifuta. Amekataa, nami nimeheshimu.

Usiku mdogo wangu wa Muganza amepiga. Naye anatafuta mnunuzi, na rafiki yake wa utotoni ameomba kupanga nyumba hiyo kwa muda. Ameniuliza amtoze ngapi. Nimemwambia bei iwe swali la mwisho. Kwanza amwambie kwamba nyumba inauzwa. Pili ampe tarehe ambayo haitasogezwa na mnunuzi yeyote, hata mwenye fedha taslimu. Tatu waandike, wasaini, na mkewe awepo. Kama hawezi kutoa tarehe, asimpe ufunguo. Amsaidie kutafuta kwingine. Nimemtumia picha za kurasa zote za mkataba wetu, majina nimeyafunika.