Mifuko Miwili ya Saruji

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba, fundi seremala, kuweka reli ya mbao kwenye ngazi za nyumba ya nyanya. Nguzo niliipigilia mimi kwa misumari mitatu, nikajiona fundi kweli kweli!

Mjomba hakunisifu. Alifunga kamba kwenye reli, akaipitisha juu ya kapi, akaning'iniza mifuko miwili ya saruji: kilo 100. Alisema kanuni za Marekani hutaka reli ihimili pauni 200, yaani kilo 90 hivi.

Lo! Misumari iling'oka, nguzo ikalala.

"Na angekuwa nyanya?" akaniuliza. Nilinyamaza jii.

Tuliirudia kwa bolti zilizopenya hadi kwenye boriti. Mifuko ikaning'inia, reli ikasimama. Leo nyanya hupanda akiiegemea. Wenzangu, macho hayapimi uzito.