Siku nne katika nchi ya zabibu: Tulale Stellenbosch au Franschhoek?

MKE wangu hanywi pombe. Babake alikuwa kibarua katika shamba la majani chai, na sehemu kubwa ya mshahara wake iliishia kilabuni kabla ya kufika nyumbani. Kwa hivyo nilipomwambia kwamba tuadhimishe miaka 10 ya ndoa yetu kwa kuzuru mashamba ya mvinyo ya Afrika Kusini, aliweka kikombe chake chini akanitazama.

"Baba Neema, yaani tupande ndege mpaka kule kwenda kutazama watu wakilewa?"

Nilijitetea. Nikamweleza habari za milima, nyumba za kale na chakula. Nikamkumbusha kwamba tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza kwenda Afrika Kusini ikiwa hatakaa zaidi ya siku 90 kwa mwaka. Mwishowe alikubali, lakini ubishi mwingine ukazuka papo hapo. Tulikuwa na siku nne tu. Je, tulale Stellenbosch au Franschhoek?

Miji hii miwili ni majirani. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa kilomita 30 hivi, na yote iko mashariki ya Cape Town. Hata hivyo, kama wasemavyo wahenga, watoto wa baba mmoja hawafanani tabia.

Mji wa mialoni

Mimi nilitaka Stellenbosch. Mji huu, ulio kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, ulianzishwa mwaka 1679 na gavana Simon van der Stel, na ndio uliopewa jina lake. Barabara zake za kale zina mialoni mikubwa yenye kivuli kizuri, na katika mtaa wa Dorp utaona nyumba nyeupe za Waholanzi zilizohifadhiwa vyema.

Ni mji wa chuo kikuu. Profesa Abraham Perold ndiye aliyechanganya hapa mizabibu ya aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut, mwaka 1925 akapata Pinotage, zabibu ambayo Waafrika Kusini wanajivunia kuwa ni yao. Pia ni hapa ambapo wakulima waliungana mwaka 1971 wakawafungulia wageni milango ya mashamba yao, wakawa wa kwanza nchini humo kuwa na njia rasmi ya mvinyo.

Kwa kuwa mji umejaa wanafunzi, mwenye mfuko mwembamba hakosi chakula cha bei nafuu wala chumba cha kulala kisicho cha kifahari. Kasoro yake ni kwamba mashamba ni mengi mno na yametawanyika. Bila gari huendi mbali, na anayeendesha hana budi kujihadhari na kuonja, kwa sababu sheria ya huko ni kali na kipimo hakimwonei mtu haya.

Pembe ya Wafaransa

Mama Neema naye alitaka Franschhoek, jina lenye maana ya pembe ya Wafaransa. Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688, wakapewa mashamba katika bonde hili lililozingirwa na milima pande tatu. Mnara wao wa kumbukumbu, wenye matao matatu, unasimama mwisho wa barabara kuu.

Mji wenyewe ni mdogo. Unaweza kuutembea kwa miguu asubuhi moja. Sifa yake kubwa ni chakula, na bei zake zitakufanya uhesabu pesa mara mbili kabla ya kuketi. Lakini una kitu ambacho Stellenbosch haina: tramu ya mvinyo iliyoanza mwaka 2012. Unanunua tiketi ya siku, unachagua njia yako, kisha unashuka kwenye shamba hili na kupanda tena kwenda jingine. Penye reli ni tramu, pasipo na reli ni basi. Hakuna anayegombania usukani.

Basi tulikubaliana hivi: tulale Stellenbosch, kisha siku ya tatu tuende Franschhoek na kurudi.

Kituo cha Pniel

Kati ya miji hiyo miwili barabara hupanda mlima wa Helshoogte, kisha hushuka hadi kijiji kiitwacho Pniel. Tulisimama hapo ili kunyoosha miguu tu, na hapo ndipo safari yetu ilipobadilika.

Kijiji hiki kilianzishwa na wamishonari mwaka 1843 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mizabibu ya Rasi ililimwa na mikono ya watumwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Nje ya kanisa tulimkuta mzee mmoja, akatueleza kwamba hata baada ya utumwa kwisha, vibarua katika mashamba mengi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu, waliogawiwa mara kadhaa kwa siku. Mtindo huo uliitwa dop. Ulipigwa marufuku, lakini ulevi uliouacha ungali unazitesa jamaa nyingi.

Mke wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe hawa hawakwenda kilabuni. Kilabu kiliwafuata shambani."

Nilidhani safari imeharibika. Nilimwambia tunaweza kurudi. Alikataa. "Nataka nione wanaovuna," akasema.

Ilikuwa Februari, msimu wa mavuno. Kutoka kwenye tramu tuliwaona wanaume kwa wanawake wakikata vishada kwa makasi na kujaza kreti. Mama Neema aliwapungia mkono, nao wakampungia. Kwenye shamba la pili alikunywa maji ya zabibu yasiyochachushwa, akanicheka nilipoonja mvinyo na kuutema chomboni kama wenyeji. "Laiti baba angejifunza kutema," akasema kwa sauti ya chini. Miaka 10 ya ndoa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja babake bila hasira.

Uamuzi wetu

Msomaji, ukituuliza, jibu ni hili. Ukiwa na gari, ukipenda historia na kuchunga pesa, lala Stellenbosch. Ukiwa hutaki kuendesha, au mwenzio hanywi, Franschhoek itakufaa zaidi. Nenda kati ya Februari na Aprili uone mavuno. Juni hadi Agosti ni baridi na mvua. Ukipata nafasi, fuata barabara ya kutoka Franschhoek kwenda Paarl hadi kwenye lango la gereza lililoitwa Victor Verster, alikotoka Nelson Mandela akiwa huru Februari 11, 1990. Sanamu yake imesimama hapo, ngumi juu.

Lakini ulale upande wowote, usipite Pniel bila kusimama.